Mboji, Chumvichumvi na Haki ya Udongo

Kila msimu wa mvua unapokaribia, na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania wanapoanza kunoa majembe na kuhesabu akiba zao, huzuka tena miongoni mwao, na miongoni mwa wale wanaowashauri, hoja ya siku nyingi ambayo haijapata hakimu wa kuimaliza: je, mahindi yakuzwe kwa mboji na samadi, au kwa mbolea ya chumvichumvi itokayo viwandani? Wako wanaodai kwamba chumvichumvi imeua ardhi, na kwamba wokovu wetu ni kurejea katika biwi la majani na zizi la ng'ombe. Na wako wanaocheka dai hilo, wakasema kwamba mboji ni kazi ya bustani ya mchicha, wala haiwezi kulilisha taifa linalokula ugali asubuhi na jioni. Makundi haya mawili yote yastahili kusikilizwa kwa heshima, maana kila moja limeshika sehemu ya ukweli. Lakini kila moja, kwa kuipenda sehemu yake mno, limeisahau sehemu ya mwenzake. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja katika makala haya, ni kwamba mboji ndiyo msingi wa shamba la mahindi na chumvichumvi ni nyongeza juu ya msingi huo. Kwamba mkulima anayeitanguliza nyongeza kabla ya msingi hutoa mali nyingi kwa faida inayopungua mwaka hata mwaka. Na kwamba serikali inayotoa ruzuku kwa nyongeza peke yake, ikauacha msingi bila ya msaada, hugharimia udhaifu wa ardhi yake yenyewe.

Hatuna budi kwanza kuitambua tabia ya mahindi. Zao hili, ambalo asili yake ni Meksiko na ambalo lilifika katika pwani yetu katika zama za Wareno, lina fadhila kubwa kwa mlaji lakini lina madai makubwa kwa ardhi, kuliko mtama na ulezi uliowalisha babu zetu kabla yake. Kwa kila tani moja ya punje, mmea mzima pamoja na mabua na majani yake huvuta katika udongo kilo 20 hadi 25 za naitrojeni, na juu yake fosforasi na potasiamu kwa kadiri yake. Mkulima anayetaka gunia 20 za kilo 100 katika ekari moja, yaani tani mbili, hana budi basi kuhakikisha kwamba mimea yake inapata kilo 40 hadi 50 za naitrojeni, ama kutoka katika hazina ya udongo wenyewe, ama kutoka mkononi mwake. Gunia linapopakiwa katika lori kwenda Dar es Salaam, sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi hiyo huondoka pamoja nalo, na haina njia ya kurudi. Potasiamu aghalabu husalia katika mabua, na mabua yakitiwa moto baada ya mavuno, kama ilivyo desturi ya mahali pengi, naitrojeni iliyobaki ndani yake hupaa kwa moshi, na majivu hupeperushwa na upepo wa kiangazi. Shamba linalotendewa hivyo miaka ishirini mfululizo, likachukuliwa kila kitu na lisirudishiwe kitu, haliwezi kulaumiwa kwa kutoa gunia sita. Ajabu ingekuwa kama lingetoa ishirini.

Insafu yatutaka tuanze kwa kuitolea chumvichumvi ushahidi wake mwema. Hewa inayotuzunguka karibu sehemu nne katika tano ni naitrojeni, lakini ni naitrojeni ambayo mahindi hayawezi kuila kama ilivyo. Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Fritz Haber, alionyesha jinsi ya kuifunga naitrojeni ya hewa pamoja na haidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaianzisha kazi hiyo kwa kipimo cha kiwanda huko Oppau. Kutoka katika amonia hiyo ndiko huzaliwa urea, CAN, na sehemu ya naitrojeni iliyomo katika DAP na NPK zinazouzwa katika maduka ya pembejeo kutoka Mbozi hadi Kitale. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya wanadamu wa leo wanaishi kwa chakula kilichokuzwa kwa naitrojeni ya namna hii. Jambo lenye uzito huo halistahili kutukanwa.

Na hesabu yake ni wazi kwa yeyote anayejua kuzidisha na kugawanya. Mfuko mmoja wa urea wenye kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23, nao hubebwa kwa baiskeli. Mboji ya mkulima wa kawaida, ikikaushwa, aghalabu ina naitrojeni asilimia moja, na iliyotengenezwa kwa ustadi hukaribia mbili. Kwa kipimo cha asilimia moja, kilo 23 zile zimo katika zaidi ya tani mbili za mboji kavu, na kwa kuwa takriban nusu ya uzito wa mboji inayotoka katika biwi ni maji, mkulima atabeba kiasi cha tani nne na nusu kwa toroli, kwa punda au kwa kichwa ili apate kile alichokibeba jirani yake kwa baiskeli. Wala si hilo tu; naitrojeni ya mboji haitoki yote kwa mara moja, bali katika msimu wa kwanza hutoka sehemu yake ndogo tu, na iliyobaki hutoka polepole katika misimu inayofuata. Kwa hiyo yule anayemwambia mjane mwenye ekari mbili na mbuzi watatu kwamba atupilie mbali chumvichumvi na ategemee mboji pekee, hampi nasaha bali anampa njaa, hata kama kusudi lake ni jema.

Mfano wa hasara hiyo umekwisha kuonekana duniani katika siku zetu hizi. Mnamo Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani, ikitaka nchi nzima igeukie kilimo cha mbolea asilia kwa amri ya msimu mmoja. Mashamba ya mpunga na ya chai yaliyokuwa yamezoea chumvichumvi kwa miongo mingi yakakosa chakula kwa ghafla. Mavuno ya mpunga yakaanguka, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza kutoka ng'ambo, na ilipofika Novemba mwaka uleule marufuku ikalegezwa huku hasara imekwisha kuwafika wakulima. Kosa la watawala wale halikuwa kuipenda mboji, bali kudhani kwamba rutuba ya asili, ambayo hujengwa kwa miaka, yaweza kuitwa kwa tangazo ikaitika.

Hayo ndiyo matukufu ya chumvichumvi, nami nimeyasema bila ya kuyapunguza. Lakini kila chombo kina mpaka wa kazi yake, na mpaka wa chumvichumvi ni huu: inaulisha mmea, haiujengi udongo. Udongo wenye afya si mchanga na mfinyanzi tu. Ndani yake mna mabaki ya majani na mizizi yaliyooza, mna ukungu wenye manufaa, bakteria, mchwa na nyungunyungu, na viumbe hawa wote kwa pamoja huushikamanisha udongo ukawa chembechembe zinazopitisha hewa, zinazonywa mvua na kuihifadhi, na zinazozishika chumvi za mbolea zisichukuliwe na maji kwenda chini ya mizizi. Mboji ikitoweka, kumimina urea katika udongo uliobaki ni sawa na kumimina maji katika chungu chenye ufa: sehemu hunywewa na sehemu hupotea, na kadiri ufa unavyopanuka ndivyo mwenye chungu anavyozidi kutoa maji mengi kwa kiu ileile.

Huko Murehwa, nchini Zimbabwe, watafiti walilinganisha mashamba ya karibu na nyumba, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakipata samadi, na mashamba ya mbali yenye kichanga ambayo hayakuipata, ingawa yote yalikuwa ya wakulima wale wale. Yale ya karibu yaliitikia chumvichumvi kwa mavuno mazuri. Yale ya mbali yaliyochoka hayakuitikia ipasavyo hata yalipopewa naitrojeni na fosforasi, mpaka yalipotiwa samadi kwa misimu kadhaa ndipo yakaanza kurejea uhai. Katika habari hii mna fundisho kubwa kwa wizara zote za kilimo za Afrika Mashariki: yupo mkulima anayenunua mfuko wa mbolea kwa mkopo na asivune hata thamani ya mfuko, wala si kwa uvivu wake wala kwa ubaya wa mbolea, bali kwa sababu mbolea ile imetiwa katika ardhi isiyoweza tena kuipokea.

Fauka ya hayo, mbolea za jamii ya amonia, yaani salfeti ya amonia (SA), DAP na urea, zikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila ya kinga, huuongezea udongo uchachu. Uchachu ukizidi, alumini iliyofungwa katika udongo huyeyuka na kuiumiza mizizi, na fosforasi hunaswa isiweze kufikiwa na mmea, hata mkulima akaona shamba lake limedumaa ilhali amelipia mbolea kamili. Magharibi ya Kenya na sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni nyingi na udongo ni mchachu kwa asili, shida hii si ya kufikirika. Dawa yake inajulikana: chokaa ya kilimo, na mboji, ambayo husaidia kuupoza ukali wa alumini na kuuzuia udongo usibadilike kwa haraka.

Wala tusighafilike na bei. Kwa kuwa haidrojeni ya kutengenezea amonia hupatikana zaidi kutoka katika gesi ya ardhini, bei ya urea imefungwa katika bei ya gesi, na bei ya gesi imefungwa katika amani na vita vya mataifa ya mbali. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowaka, mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP ulipita shilingi 100,000 za Tanzania, mpaka serikali ilipozindua ruzuku mjini Mbeya katika sikukuu ya Nane Nane mwaka ule na kuishusha bei hadi shilingi 70,000. Uamuzi ule uliokoa mavuno ya wengi, na anayeubeza hajui maisha ya mkulima. Lakini ulituonyesha pia kwamba ugali wa Watanzania unategemea mambo yaliyo nje ya mamlaka yao. Mboji haiulizi habari za vita.

Mtu anayependa ushahidi wa vipimo kuliko maneno, na autazame ule wa vituo vya utafiti vilivyodumu kwa miaka mingi. Huko Rothamsted, nchini Uingereza, shamba la ngano liitwalo Broadbalk limekuwa likipimwa tangu mwaka 1843. Kipande kimoja hupata samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka, na vingine hupata chumvichumvi. Kwa miongo mingi mavuno ya samadi na ya chumvichumvi kamili yalikuwa yakikaribiana, jambo linalowakanusha wale wanaosema kwamba mmea hauwezi kuishi kwa chumvichumvi, na linalowakanusha pia wale wanaosema kwamba samadi haiwezi kuzaa. Lakini mboji iliyomo katika udongo wa kipande cha samadi imezidi maradufu, na mbegu za kisasa zilipokuja, kipande kilichopewa samadi pamoja na nyongeza ya chumvichumvi ndicho kilichosimama miongoni mwa vya kwanza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, kituo cha Kabete kando ya Nairobi kilianzisha mwaka 1976 jaribio la namna hiyo kwa mahindi na maharage. Vipande vilivyopewa chumvichumvi peke yake vilianza vizuri kisha vikafifia. Vile vilivyopewa samadi vilishuka polepole zaidi. Na vile vilivyopewa vyote viwili vilitoa mavuno makubwa kuliko vyote. Lakini jaribio lile lina onyo ambalo wapenzi wa mboji hawana budi kulisikia: hata katika vipande vya samadi, mboji ya asili ya udongo ilizidi kupungua kwa kulimwa kila msimu, ila ilipungua taratibu. Muradi wake ni kwamba kazi ya kuirudishia ardhi haki yake haina siku ya mapumziko, na kwamba kiasi kidogo cha samadi kinachotupwa shambani mara moja kwa miaka mitatu ni heshima isiyotosha.

Wapo wanaodhani kwamba habari hii ya mboji ni elimu ngeni iliyoletwa na mashirika ya wafadhili. Dhana hiyo ni dhuluma kwa wazee wetu. Wamatengo wa Mbinga, katika milima yenye miteremko mikali, wamelima kwa ngoro kwa vizazi vingi: hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana ikawa kama miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, hata mlima mzima ukawa vishimo vinavyoinywa mvua na matuta yanayooza kwa ndani yakailisha maharage na mahindi. Wafipa wa Rukwa huzifunika nyasi ndani ya vilima vya udongo, zikaoza kabla ya vilima kusambazwa na kupandwa. Wachaga wa Kilimanjaro hufuga ng'ombe ndani na kurudisha samadi katika kihamba, yaani shamba la nyumbani, na Wahaya hufanya hivyo katika kibanja cha migomba. Hata Albert Howard, Mwingereza aliyeeneza ufundi wa mboji duniani baada ya kazi yake huko Indore, India, katika miaka ya 1920, alikiri kuwa alijifunza mengi kwa wakulima wa Asia. Hivyo mboji ni urithi wa wakulima kabla ya kuwa somo la vyuo, na aibu si kuitumia bali ni kuisahau.

Tatizo ni kwamba ngoro ilizaliwa na watu waliokuwa na nyasi nyingi na mahitaji machache, na mkulima wa leo ana watoto wa kusomesha, ekari zilizogawanywa kwa urithi, na mbegu chotara zinazotaka chakula kingi. Ndiyo maana hatuwezi kuishia katika kuwasifu wazee. Yatupasa kuuendeleza ufundi wao. Ufundi wenyewe hauna siri. Biwi na lijengwe kivulini, juu ya ardhi iliyotifuliwa, kwa tabaka za mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, lipate kimo cha mita moja au zaidi, maana biwi dogo halipati joto. Vitu vikavu viwe vingi kuliko vibichi, na vyote virowe kiasi kwamba konzi moja ikikamuliwa itoe tone moja au mawili tu. Alizeti-pori inayoota kando ya barabara, ambayo watu huifyeka na kuitupa, ina naitrojeni na potasiamu nyingi katika majani yake, nayo ni zawadi tupu kwa anayeijua. Fimbo ichomekwe katikati ya biwi, na ikichomolewa baada ya siku chache iwe ya moto mkononi. Joto hilo likifika nyuzi 55 za Selsiasi na kuzidi, mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya maradhi hufa. Baada ya majuma mawili au matatu biwi lipinduliwe, kisha lipinduliwe tena, na katika muda wa miezi miwili hadi mitatu mboji itakuwa nyeusi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Mboji hiyo haitatosha ekari nzima ikimwagwa ovyo, na hapa ndipo busara inapohitajika. Itiwe katika mashimo ya kupandia, konzi moja au mbili kwa kila shimo, ili kidogo kilichopo kiwe karibu na mzizi. Juu yake ndipo ifuate chumvichumvi kwa kipimo: ya kupandia, kama vile DAP au fosfeti ya Minjingu kutoka mkoani Manyara, ambayo hufaa hasa katika udongo mchachu, na ya kukuzia, yaani urea au CAN, mahindi yanapofika magotini. Wakulima wengi hupima kwa kizibo cha soda, na kipimo hicho, ingawa ni cha kimaskini, ni bora mara kumi kuliko kurusha kwa mkono. Urea isiachwe juu ya ardhi, kwa maana hugeuka amonia ikapaa angani pamoja na fedha ya mnunuzi. Ifukiwe kwa udongo, mvua ikiwepo. Na katikati ya mistari ya mahindi, au katika msimu wa kupumzisha shamba, ipandwe mimea ya jamii ya kunde: maharage, mbaazi, fiwi, au marejea ambayo wakulima wa Songea wanaifahamu, kwa kuwa mizizi ya mimea hiyo huifunga naitrojeni ya hewa bila ya kiwanda na bila ya gesi.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na iliyo nzito kuliko zote ni ya kazi. Mboji ni jasho, na katika nyumba nyingi za vijijini jasho hilo ni la mwanamke, ambaye tayari amebeba maji, kuni na mtoto. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtu anayehubiri mboji bila ya kuitaja hana haki ya kusikilizwa. Lakini jibu lake si kuiacha mboji. Jibu lake ni kuipunguzia uzito kazi yake, kwa toroli, kwa mkokoteni na punda, kwa mashine za kukatakata mabua zinazomilikiwa na ushirika wa kijiji, na kwa wanaume kukubali kwamba biwi ni kazi ya shamba, si kazi ya jikoni. Pingamizi ya pili ni ya mifugo: baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mashamba wakala mabua, na mkulima asiye na mifugo hupoteza mabua asipate samadi. Jambo hili lahitaji mapatano ya kijiji kati ya wakulima na wafugaji, mabua kwa samadi, na mahali palipo na sheria ndogo za vijiji halishindikani kuandikwa.

Sasa nawageukia wenye mamlaka. Mnamo Juni 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kuongeza matumizi ya virutubisho vya mbolea kutoka kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50, na nchi nyingi zikashindwa kulifikia lengo hilo. Walipokutana tena Nairobi mnamo Mei 2024, mkutano wao ulibeba jina la mbolea pamoja na afya ya udongo, nami naliona badiliko hilo kuwa ni ungamo la haki: kwamba kilo za mbolea peke yake hazikutosha kuwa kipimo cha kilimo. Lakini fedha bado hazijaufuata ungamo. Mkulima akijisajili kwa ruzuku hupata urea na DAP kwa bei nafuu. Akitaka chokaa, akitaka kupimiwa udongo wake, akitaka toroli, akitaka bwana shamba wa kumwonyesha jinsi ya kulijenga biwi, aghalabu huambiwa asubiri. Afisa ugani mmoja huhudumia vijiji vingi, na udongo wa wakulima walio wengi haujapata kupimwa abadan, hivyo mbolea hutolewa kwa kukisia, sawa na tabibu anayetoa dawa bila ya kumtazama mgonjwa.

Kwa hiyo naomba sehemu ya fedha za ruzuku, hata ikiwa ni ndogo kwa kuanzia, itengwe kwa ajili ya udongo wenyewe: kwa chokaa katika wilaya zenye uchachu, kwa vipimo vya udongo katika kila kata, kwa mikokoteni na mashine za vijiji, na kwa mashamba darasa ambamo mkulima atauona kwa macho yake tofauti kati ya mstari wenye chumvichumvi peke yake na mstari wenye vyote viwili. Uthibitisho kwamba mambo haya mawili yaweza kuoana hata kiwandani upo karibu nasi: Burundi ina kiwanda kinachochanganya malighafi ya asili na madini kutengeneza mbolea, na wawekezaji wa huko wamejenga kingine Nala, Dodoma. Aidha, wasimamizi wa ubora wa mbolea na wawe wakali, kwani mwaka 2024 wakulima wa Kenya waliuziwa katika mpango wa ruzuku mifuko ambayo haikuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Na mkulima aliyedanganywa mara moja hupoteza msimu mzima pamoja na imani yake.

Jambo moja tu nalionya: yasifanyike haya kwa shuruti. Wazee wa Uluguru wanakumbuka jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, na jinsi ghadhabu ilivyolipuka mwaka 1955, ingawa kusudi la kuihifadhi ardhi lilikuwa na maana yake. Jambo jema likisukumwa kwa bakora huchukiwa kama jambo baya. Mkulima anayeoneshwa faida hufuata kwa hiari, na anayefuata kwa hiari hudumu.

Alhasili, hukumu yangu ni hii. Mboji bila ya chumvichumvi, kwa mahitaji ya leo ya mahindi, haitoshi. Chumvichumvi bila ya mboji haidumu. Na kati ya viwili hivyo, kinachostahili kutangulizwa ni mboji, kwa sababu ndiyo inayoipa chumvichumvi thamani yake. Mkulima unayesoma maneno haya, usiyachome moto mabua ya mwaka huu. Yakate, yarundike kivulini, uyachanganye na kila jani bichi na kila kijiko cha samadi unachokipata, hata kama biwi lako la kwanza litatosha robo ekari tu. Kisha utie mbolea yako ya dukani kwa kipimo katika robo ekari hiyo, na uilinganishe kwa haki na shamba lililobaki. Nawe mwenye dhamana ya bajeti ya kilimo, uupe udongo fungu lake katika ruzuku kabla msimu ujao haujaanza, kwa maana taifa laweza kununua mbolea kutoka ng'ambo kila mwaka, lakini hakuna duka duniani linalouza udongo.